Gauni la Malaika

Gauni lilitoka katikati ya belo la mitumba, limejikunja baina ya jaketi za mvua na suruali za watoto. Nashilu alipolikung'uta, mabawa mawili ya manyoya bandia yakafunguka mbele ya wateja, na akina mama waliokuwa wameinamia mzigo wakaangua kicheko. Mabelo ya kutoka Marekani hayakukosa vitu vya namna ile: mikia ya paka, kofia ndefu za wachawi, sare za manesi ambazo hakuna nesi angeweza kuinama nazo wodini. Zamani Nashilu alikuwa akivitupa kwenye fungu la matambara. Siku hizi aliviweka kando, kwa sababu ikifika Oktoba wasichana wa shule za kulipia walivifuata mpaka sokoni Kwa Mrombo, wakavigombea.

"Wazungu hawa," alisema Mama Tunu, jirani yake wa meza ya viatu, "hata malaika wamemvua nguo."

Jioni ile ile wasichana wakaja, bado wamevaa sare za shule. Mbele alikuwa Blessing, mrefu, mchangamfu, aliyeletwa na gari la kwao lililobaki barabarani likiwa limewasha taa. Nyuma yao kabisa alikuja Naisiae, binti wa Nashilu mwenyewe, akipita katikati ya meza alizokulia kama mtu aliyefika pale kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo mama!" alisema Blessing. "Tumekuja kwenye zile nguo za Halloween. Tumeziona kwenye status yako."

Nashilu aliitikia huku akicheka kwa haya na furaha. Naisiae hakuwa na simu. Kwenye grupu la darasa alikuwa akitumia namba ya mama yake, na wenzake walikuwa wameihifadhi. Kwa hiyo kila asubuhi, Nashilu alipoweka picha za mzigo mpya na mstari wa Biblia chini yake, wasichana hao nao walikuwa wakiona. Hakuwa amelifikiria hilo.

Sherehe hiyo ya kizungu, ya kuvaa kama mizimu na malaika, ingekuwa Jumamosi, nyumbani kwa akina Blessing, mtaa wa Njiro. Kundi lao lote lingevaa kama malaika. Wengine walishapata, aliyebaki ni Naisiae, ambaye shuleni walimwita Naisi.

"Hili hapa!" Blessing alilichomoa gauni akampimisha Naisiae kifuani. "Naisi, limekukaa kabisa."

Naisiae aliangalia pindo lilipoishia. "Ni fupi. Labda nivae na suruali nyeusi ndani."

"Malaika wa suruali?" Wote wakacheka, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Usituharibie picha bwana. Sote tumevaa hivyo hivyo. Kama hutaki sema tu, wapo wanaoitaka hiyo nafasi."

"Basi mimi sitaenda."

Nashilu alikuwa amewapa mgongo, anapanga nguo kwenye henga, lakini neno lile lilimfikia. Lilimkumbusha siku ya kikao cha wazazi, alipopotea njia kwenye yale majengo akatokea nyuma ya maktaba, akamkuta mwanawe ameketi chini peke yake, sahani mapajani, anakula haraka haraka kama mtu anayeiba. Shule ile walikuwa wameipata kwa ufadhili, kwa sababu mtoto alikuwa na akili. Akili haikumpatia mtu wa kukaa naye.

Akageuka. "Ataenda," alisema. "Na gauni atalivaa. Nitamrekebishia mwenyewe."

Naisiae alimtazama kama anavyotazama mtu aliyekuwa ameegemea mlango, mlango ukafunguka.

"Mama yako yuko poa, Naisi," alisema Blessing. "Wa kwangu asingekubali kirahisi hivi."

Maneno yale yalimwingia Nashilu matamu. Baadaye, kati ya yote aliyoyafanya, ni utamu ule aliouonea haya kuliko kitu kingine.

Walipoondoka, Mama Tunu aliendelea kung'arisha kiatu kimoja kwa muda mrefu.

"Mwenyewe kasema hataki," alisema mwishowe.

"Wewe huijui shule ile."

"Shule siijui, mwenzangu. Nguo naiona."

*

Jumamosi Tajeu, mume wa Nashilu, aliondoka alfajiri kwenda mnadani kununua mbuzi. Ndiyo ilikuwa kazi yake, kununua mifugo minadani na kuwauzia wenye mabucha na wachoma nyama wa Kwa Mrombo. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Watu walimjua kwa mambo mawili: hakuwahi kumficha mnunuzi mnyama mgonjwa, na hakupenda mzaha. Mkewe alikuwa amemwambia kwamba Naisiae atakwenda kusoma na wenzake kwa akina Blessing. Tajeu alisema vizuri, asome, mtihani umekaribia.

Mchana Nashilu alimvalisha binti yake chumbani. Alikuwa ameyapunguza mabega, akashonea upya bawa moja lililolegea. Naisiae alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, na mwili wake ulikuwa umebadilika mwaka ule bila kumwomba ruhusa. Alisimama mbele ya kioo cha kabati, mikono yote miwili ikilivuta pindo chini.

"Acha kulivuta, utalichana."

"Yeyo," alimwita mama yake kwa Kimaasai, "na nikikaa je?"

Nashilu alilitazama gauni. Akaona kwamba swali lilikuwa la kweli, na kwamba jibu lake lilikuwa baya.

"Usikae," alisema. "Simama tu."

Mtoto alijitazama tena kiooni. Halafu akasema taratibu, "Kipaimara changu ni mwezi ujao. Mwinjilisti Godbless alituambia hata nguo zinasema."

"Mwinjilisti hali chakula cha mchana nyuma ya maktaba," Nashilu alijibu kwa ukali, na papo hapo akajuta, maana Naisiae hakujua kama mama yake aliwahi kumwona pale. Uso wa binti ulibadilika. Mikono ikaliachia pindo.

"Na kwanza ni malaika," Nashilu aliongeza, sauti sasa imelainika. "Ingekuwa shetani ningekataa. Malaika ana ubaya gani? Nenda ukacheke na wenzako. Wakuzoee. Siku moja tu, mwanangu."

Alimfunga kitenge kiunoni, akamtupia shuka ya baba yake mabegani kufunika mabawa, akamwita bodaboda anayemfahamu. Akampa na simu yake, ili amwite bodaboda huyo huyo wa kumrudisha kabla giza halijaingia.

*

Kwa akina Blessing palikuwa na bustani, muziki, na maboga yaliyochongwa macho na meno. Mama Blessing alipita mara moja, akasema wamependeza, akarudi ndani. Wavulana wa kidato cha nne walikuwepo. Walikuwa wamevaa suruali ndefu na mashati, mmoja tu amejipaka damu ya bandia shavuni, na hakuna aliyewaambia kwamba wanaharibu picha.

Naisiae alisimama. Alikula amesimama, akanywa soda amesimama, akasikiliza hadithi ndefu ya Blessing kuhusu safari ya Mombasa akiwa amesimama kando ya kiti kitupu. Mvulana mmoja alimuuliza mbona hakai, au amekatazwa na baba. Wenzake wakacheka. Naisiae naye akacheka, kwa sababu ndilo lililoonekana kuwa la kufanya.

Lakini kusema kweli, kulikuwa na dakika ambazo alifurahi. Walipokumbatiana kwa picha, mkono wa Blessing ulikuwa begani mwake, na mtu wa upande wa pili alikuwa akimwita jina lake. Alikuwa katikati. Hakuwahi kuwa katikati ya picha yoyote ya shule ile.

"Kila mtu aiposti sasa hivi!" alisema Blessing. "Lete simu, Naisi." Akaipokea, vidole vikakimbia juu ya kioo, akairudisha. "Tayari."

Naisiae alidhani imekwenda kwenye grupu la darasa. Alifunga kitenge chake, akajitanda shuka, akafika nyumbani jua likiwa linazama. Mama yake alikuwa akimngoja getini.

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa nzuri," alisema Naisiae, akaingia ndani kuvua.

*

Jumapili Nashilu hakugusa simu. Aliikuta imezimika chaji, akaiacha kwenye umeme, akawahi ibada. Kwa hiyo alikuwa mtu wa mwisho kujua.

Wakati wa nyimbo aliona vichwa vikigeuka. Alidhani ni kilemba chake kipya. Baada ya ibada, watu walipotoka nje kusalimiana, Vaileth, katibu wa umoja wa wanawake, alimshika mkono akamvuta pembeni ya tanki la maji.

"Mama Naisiae, umeingiliwa kwenye simu, au ni wewe mwenyewe uliyeweka?"

Akamwonyesha status kwenye simu yake. Juu kulikuwa na jina ambalo Nashilu alilichagua mwenyewe, Mama Naisiae Nguo Safi. Chini yake ilikuwa ile picha, na binti yake katikati, mabawa yamefunguka, miguu wazi, anatabasamu. Kabla ya picha ile ilikuwepo ya jaketi za watoto alizoziweka Jumamosi asubuhi. Baada yake, hakuna kitu. Mtu yeyote aliyepitisha kidole alitoka kwenye jaketi akaingia kwenye mwili wa mtoto wake.

"Wamekuwa wakiitumiana tangu jana," alisema Vaileth kwa sauti ya chini. "Mimi nimeifuta kwangu. Lakini mzee Thomasi ameiona."

Mzee Thomasi, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alikuwa tayari amesimama na Tajeu chini ya paa la veranda. Nashilu aliona mume wake akipokea simu ya mwenzake, akaitazama kidogo tu, akairudisha kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha sahani moto. Watoto wa kipaimara walikuwa wamepangwa mstari karibu na hapo, wakingoja darasa lao. Naisiae alikuwa miongoni mwao, katika gauni lake refu la bluu.

Tajeu alimwita mkewe. Hakupaza sauti.

"Mama Naisiae. Hii nguo unaijua?"

Watu walikuwa wamegeuka kumtazama. Vaileth alikuwa nyuma yake, Mwinjilisti Godbless mlangoni, mzee Thomasi ameinamisha kichwa kwa heshima ya aibu ya rafiki yake. Nashilu alikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Aliliona kabisa. Lilikuwa pale mdomoni.

"Aliniambia anakwenda kusoma," alisema.

Hakupanga. Lilitoka kama mkono unavyokinga uso. Halafu, kwa kuwa watu walikuwa bado wanamtazama, akaongeza, "Sikujua."

Tajeu akamgeukia binti. "Ni kweli ulimdanganya mama yako?"

Naisiae alimtazama mama yake. Hakuwa na hasira. Hasira Nashilu angeweza kuibeba. Alikuwa akimsoma tu, kama mwanafunzi anavyosoma swali mara mbili kuhakikisha ameelewa linachotaka.

"Ndiyo, baba," alisema. "Nilimdanganya yeyo."

Tajeu alivua koti lake la suti. Akamfuata mtoto pale kwenye mstari, akamfunika nalo mabega mbele ya wote, ingawa gauni la bluu lilikuwa limemfunika mpaka shingoni. Akamshika mkono, wakaondoka. Mstari wa kipaimara ukasogea kuziba pengo.

*

Wiki ile Nashilu aliifuta picha, lakini ujumbe uliendelea kuingia. Wateja wa zamani waliuliza kama yuko salama. Shemeji yake wa Terrat alituma ujumbe wa sauti mrefu ambao hakuweza kuumaliza. Mwenye bucha mmoja, mtu mwenye wajukuu, aliyekuwa akinunua mbuzi kwa Tajeu, aliandika: "Mama, na hii nayo inauzwa?" akaweka nyuso za kucheka. Nashilu aliusoma amesimama mezani pake, mbele ya mteja aliyekuwa akimpimia mtoto soksi. Hakumwonyesha mtu. Ujumbe ule alikuwa ameutafuta mwenyewe kwa sindano na uzi.

Mama Tunu alikuwa amesikia ya kanisani, maana soko husikia yote.

"Wanasema ulidanganywa," alisema.

Nashilu aliendelea kukunja.

"Mimi nilikuwa hapa, Mama Naisiae. Nimekaa hapa hapa." Aliangalia viatu vyake. "Sitasema kwa mtu. Kanisa si langu na mtoto si wangu. Lakini umemtupia mtoto mzigo ambao hata wewe mtu mzima umekushinda."

"Nilibabaika."

"Kubabaika ni Jumapili. Leo ni Jumatano."

Nyumbani Tajeu alikuwa ameshaamua. Naisiae hakwenda shule wiki ile. Muhula ukiisha angekwenda Nduruma kwa bibi yake, akasome shule ya huko, mbali na watoto wa Njiro. Ufadhili wangempa mwingine. Alilisema hilo mezani, akivunja ugali bila kuula.

"Shule yenyewe si mbaya, baba Naisiae," Nashilu alijaribu. "Tumemtafutia muda mrefu."

"Shule iliyomfundisha kukudanganya wewe?" Tajeu alitikisa kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu. Tangu Jumapili hakuwa amelala vizuri, na mnadani mtu alikuwa amemtania, naye akamwacha mbuzi waliyekwisha kukubaliana bei yake, akaondoka. "Ninachomshukuru Mungu ni kwamba wewe hukujua. Kama ungejua, nisingejua nimeoa nani."

Nashilu alinawa mikono. Akainuka.

Naisiae alikuwa akiosha vyombo nje. Mama yake alimfuata, akachukua kitambaa, wakafuta sahani pamoja. Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu mpaka kwenye migomba.

"Nitamwambia baba yako," Nashilu alisema.

"Usiseme, yeyo."

"Nitamwambia leo."

"Umesikia alivyosema pale mezani." Naisiae aliipokea sahani aliyokwisha kuifuta mama yake, akaifuta tena. "Mimi ni mtoto. Mtoto husamehewa, wanasema ni ujana. Wewe hawatakusamehe. Wazee wa kanisa wameniita Jumamosi, nitaomba radhi mbele yao, itaisha."

Alizungumza kama mtu mzima anayempanga mtoto. Nashilu aliingia chumbani, akakaa kitandani, na akagundua kwamba kilichomjaa kifuani kwa dakika ile, kabla ya uchungu wowote, kilikuwa ni nafuu. Alijifunika uso kwa kanga ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

*

Wazee walikutana Jumamosi mchana katika chumba kidogo nyuma ya madhabahu, palipokuwa na meza, joho la mchungaji kwenye msumari, na mabenchi mawili. Mzee Thomasi aliongoza. Vaileth aliitwa kwa niaba ya akina mama. Tajeu alikaa na wazee wenzake, mahali pake pa siku zote, akitazama sakafu.

Naisiae alisimama akasema alichofundishwa. Amekosa kwa kuvaa nguo isiyompasa msichana wa Kikristo, amewadhihaki malaika watakatifu, amewadanganya wazazi wake. Anaomba radhi kwa Mungu, kwa wazazi, na kwa wazee. Sauti yake haikutetemeka ila kwenye neno "malaika", pale ilipokwama kidogo kama aliyekanyaga kijiwe.

"Umesikika," alisema mzee Thomasi. Hakuwa mtu mkatili; alikuwa na mabinti wanne. "Wazee tunaona usubiri. Kipaimara utapata mwakani na wenzako wanaofuata. Ni kwa ajili ya kukujenga."

"Asante, mzee."

"Mama mzazi ana neno?"

Nashilu alisimama. Aliinyoosha sketi yake kwa mikono miwili, ingawa ilikuwa ndefu.

"Mzee, mtoto huyu hajanidanganya," alisema. "Gauni lile lilitoka kwenye belo langu. Yeye alikataa, mbele ya wenzake, mezani kwangu. Mimi nikasema atavaa. Nilipunguza mabega kwa mkono wangu. Nilimfunga kitenge nikamwitia pikipiki. Jumapili nilisema uongo. Anayestahili kusubiri ni mimi."

Nje mtu alikuwa akifagia uwanja. Nashilu alingoja pigo, na mwili wake wote ulikuwa umejiandaa kulipokea, karibu kwa hamu.

Mzee Thomasi alivua miwani. Macho yake yalikuwa na unyevunyevu.

"Wazee wenzangu," alisema, "mmesikia mama."

Vaileth alikuwa akijifuta kwa ncha ya kilemba.

"Kuna mama wangapi," mzee Thomasi aliendelea, "ambao mtoto akiwaaibisha wanamtupa? Huyu yuko tayari kulibeba kosa lisilo lake. Dada Nashilu, tumeelewa. Moyo wa mama tumeuona. Kaa, Mungu akubariki."

"Mzee, sisemi hivyo kwa kumbeba. Ndivyo ilivyokuwa. Muulizeni mwenyewe."

"Mtoto ameshatubu vizuri," alisema mzee Thomasi kwa upole. "Tukimuuliza sasa tutamlazimisha ama akane toba yake, ama amkane mama yake. Tusimchanganye. Kaa, dada."

Nashilu alimgeukia mume wake. Tajeu alikuwa ameinua kichwa. Katika chumba kile chote, ni yeye peke yake aliyekuwa akimtazama bila huruma, na kwa hiyo akajua kwamba yeye amemwamini. Alingoja aseme. Tajeu alikuwa mtu ambaye hakuwahi kumficha mnunuzi mnyama mgonjwa.

Tajeu aliinamisha kichwa.

"Tuombe," alisema mzee Thomasi, na wote wakasimama.

*

Walitoka kwa mlango wa nyuma. Tajeu alitembea mbele mpaka kwenye kona ya ukuta, pasipoonekana kutoka kanisani, akasimama akiwangoja.

"Ni kweli ulivyosema," alisema. Hakuwa akiuliza.

"Ni kweli."

Alilipapasa koti lake kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Ningesema pale," alisema, "wangeniuliza natunza nyumba gani. Ningevuliwa uzee wa kanisa." Akatazama upande wa mlima. "Nimekaa nimewaacha wamcheleweshee mtoto kipaimara mwaka mzima. Nimejua, na nimekaa."

Kama angemlaumu, angemlaumu kwa mdomo gani?

"Jumatatu utarudi shule," Tajeu alimwambia binti yake. "Shule ile ile. Nduruma huendi. Hilo naweza." Alitaka kuongeza neno, labda la kuomba radhi, lakini hakuwa na mazoea nalo, na njia haikufunguka.

"Asante, baba."

Kisha Naisiae akamgeukia mama yake. Alikuwa ametulia kabisa. Wiki ile ilikuwa imemwongezea kitu usoni ambacho Nashilu hakukitambua, na alihisi kwamba sasa itabidi akizoee.

"Yeyo," alisema, "ungesema Jumapili, wangekuamini."

Hakusema kwa kumchoma. Alisema kama anavyosema mtu anayemjulisha mwenzake kuwa duka limefungwa. Halafu akaanza kutembea, na baba yake akaenda sambamba naye, hatua moja kando, wala hawakushikana mikono.

Nashilu alikuwa bado amesimama kwenye kona ya ukuta aliposikia viatu vya haraka nyuma yake. Alikuwa Vaileth, anahema, na mkoba umemponyoka begani.

"Mama Naisiae, nimekukosa pale ndani. Tumeongea na mwinjilisti. Jumapili ya kipaimara akina mama wa watoto watakuwepo wote. Tunaomba uwape neno. Malezi ya mabinti, dakika chache tu. Hakuna aliye na ushuhuda kama wako."

"Dada Vaileth," alisema Nashilu. "Nilichosema mle ndani ni kweli. Nilimvalisha mimi."

Vaileth aliushika mkono wake, akauweka katikati ya viganja vyake viwili vyenye joto.

"Najua, mpenzi," alisema. "Hata mimi ningesema hivyo hivyo kwa ajili ya mwanangu."

Akambusu shavuni, akarudi kanisani kumalizia maua ya Jumapili. Kule mbele, baba na binti walikuwa wamefika barabara kubwa. Naisiae alitazama kulia na kushoto, akavuka, na hakugeuka kuona kama mama yake anakuja.